Uji wa Ndimu

Begi la Halfani lilikuwa mlangoni tangu asubuhi, zipu imefungwa. Miaka sita iliyopita alihamia kwa wakwe zake hapo Chiwata akiwa na begi hilo hilo. Sasa alitaka kuondoka nalo.

Ndani, mkewe Zena alimnyonyesha pacha wa kike huku wa kiume akilia juu ya mkeka. Watoto walikuwa na siku sita. Mmoja alikuwa mweusi wa kung'aa, mwingine maji ya kunde. Kesho yake walipaswa kupewa majina, na baba yao alikuwa amekataa kuyatoa.

"Mjomba, kwetu hakuna pacha," Halfani alimwambia Mzee Hamudi, mjomba wa Zena na mkubwa wa ukoo. "Kwenu pia hakuna. Sasa huyu wa pili ni wa nani?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Msimu wa korosho uliopita Zena alikaa wiki mbili Newala kwa dada yake, akarudi kwa lori la mtu anayeuza maji. Zena alikuwa ameapa mpaka sauti ikamkauka.

"Mwanamume aliyenipikia uji kila alfajiri," alisema taratibu, "uji wenye ndimu kali mpaka meno yanakufa ganzi. Wenzake wakamwita Mama Ntilie, hakujali. Leo hata watoto hataki kuwashika."

Halfani alitazama pembeni.

Mzee Hamudi hakufoka. Alimwita nesi Yasinta wa zahanati. Nesi aliamkia, akaketi, akaeleza kwamba mapacha wa namna hii hutoka kwenye mayai mawili yaliyopevuka mwezi mmoja. Ndiyo maana hawafanani zaidi ya ndugu wengine wowote. Na baba yao huweza kuwa yule yule mmoja.

Halfani aliuliza kwa nini mayai yapevuke mawili.

Nesi alisema huwapata zaidi wanawake waliopita miaka thelathini na mitano. Zena alikuwa na ishirini na minne. Au waliozaa mara nyingi. Zena alikuwa amesubiri uzazi huu wa kwanza miaka sita. Au wenye miili mikubwa, na hapo Mzee Hamudi alicheka kidogo, akasema huyu upepo wa Newala ungempeperusha. Nesi akaongeza kwamba pacha wa upande wa mume hawahesabiki, wanahesabika wa upande wa mama tu. Mzee akawataja bibi zake mmoja mmoja, asimpate hata mmoja aliyezaa pacha.

"Si ming'oko?" akauliza. "Kila mwaka mvua zikiisha anakula viazi pori hivyo tu."

"Wapo wanaosema hivyo, mzee, lakini hakuna aliyethibitisha. Ingekuwa ming'oko, Chiwata nzima ingekuwa mapacha. Na mara nyingine hutokea tu."

"Kutokea tu si jibu," alisema Halfani.

Nesi alikunja kidole cha mwisho.

"Kimebaki kimoja. Vipo vidonge wanavyopewa wanawake waliochelewa kushika mimba. Huamsha yai. Wakati mwingine huamsha mawili." Alimgeukia Zena. "Mama Mapacha, uliwahi kumeza?"

Zena alitikisa kichwa. Machozi yalimdondokea mtoto shavuni, akayafuta kwa ncha ya khanga. "Sijawahi kumeza kidonge chochote. Ningependa kusema ndiyo, ili yaishe. Lakini sijawahi."

Mzee Hamudi aliinamisha uso. Hata yeye sasa alishindwa kumtazama mpwa wake.

"Mkwe," alisema mwishowe, "chukua begi lako."

Halfani alisimama, akaenda mlangoni, akashika mkanda wa begi. Mkono ulibaki hapo hapo. Alipogeuka, hakumwangalia mkewe.

"Nesi," alisema, "vikisagwa vikatiwa kwenye uji, vinafanya kazi?"