Fuko Aliyejilaza Shimo Lilipoziba

Nguchiro, mwenye mbio na maneno, aliishi shimo moja na Fuko, aliyemlisha na kumfagilia. Siku moja udongo uliporomoka, ukaziba mlango, na hewa ikaanza kupungua.

Nguchiro akaparura ukuta huku akihema. Fuko akatafuna kipande cha kiazi, akajilaza.

"We mvivu, hata kufa unataka kufa umelala?"

"Tulia, kaka. Kila ukihema unamaliza hewa nitakayochimbia."

Nguchiro hakutulia. Akaparura hadi akazimia.

Ndipo Fuko, aliyekuwa akipumua kidogo kidogo, akainuka. Akachimba, akapumzika, akachimba tena, mpaka upepo ukaingia, Nguchiro akazinduka. Akamtafunia mwenzake kiazi, akakitia kinywani mwake.

Tangu hapo, Fuko akijilaza, Nguchiro huwaonya wanawe: "Nyamazeni. Baba yenu mdogo yuko kazini."