Kiapo cha Marehemu

Marehemu aliulizwa kama angependa kuapa kwa Biblia au kwa Kurani. Akasema Biblia, akainyanyua juu kama mtu anayenadi sabuni gulioni.

"Jina lako?" aliuliza karani wa mahakama ya rufani.

"Chenge."

Karani alilitazama jalada, akamtazama shahidi, kisha akarudi kwenye jalada. Humo iliandikwa kwamba Chenge, mvuvi wa Nansio, aliuawa ziwani. Kwamba mtumbwi wake uliokotwa mtupu, kasia lina damu. Na kwamba jirani yake Venant, waliyekuwa wakigombania naye nyavu, ndiye aliyemuua, hivyo anyongwe mpaka afe.

Nyuma ya ukumbi, Sabina alinyoosha shingo asikose neno. Venant alikuwa mdogo wake wa mwisho, na tangu siku ya hukumu hakuna aliyeamini maneno ya kijana yule, "Sikumuua," isipokuwa yeye. Shahidi huyu aliletwa na Sabina mwenyewe.

Alimpata Busisi. Alikuwa anatoka Geita, akashuka garini kununua samaki wa kukaanga, akaiona sura ya Chenge nyuma ya karai la mafuta. Alipiga ukelele watu wakakimbia.

"Chenge yupi, dada?" aliuliza yule muuza samaki.

Sabina hakuweza kujizuia. Alilia palepale, akamweleza yote: mtumbwi, kasia, nyavu, mjane Modesta aliyekwisha kuolewa na Pius, mama mzazi Bibi Teodora aliyelia mpaka macho yakaingia ukungu, shamba la michungwa lililovamiwa na magugu, na Venant anayengoja kitanzi. Yule mtu alisikiliza mpaka samaki wakaungua.

"Hiyo michungwa bado inazaa?"

"Inazaa mno. Nani wa kuichuma?"

Mtu yule alijifuta machozi kwa kitambaa cha kupangusia karai. "Basi, dada. Mimi ndiye Chenge. Nilikuwa nimechoka tu na watu."

Sabina alipokwenda gerezani kumpa mdogo wake habari hizo, Venant alicheka mpaka askari akamrudisha ndani. "Haiwezekani," alikuwa akisema huku anakokotwa. "Dada, haiwezekani." Sabina alirudi nyumbani akisikitika jinsi jela inavyomharibu mtu akili.

Sasa wakili wa serikali alisimama, akaweka joho lake sawa.

"Shahidi, unaikumbuka siku uliyouawa?"

"Siikumbuki, mheshimiwa."

"Waheshimiwa majaji, mmemsikia. Hakanushi."

Wakili wa Venant aliruka kupinga. Jaji wa kati akauliza kama cheti cha kifo kipo. Kipo. Je, shahidi anacho kitambulisho chochote kinachoonyesha kwamba yu hai?

"Nitakipataje, mheshimiwa? Kila ofisi nitakayokwenda wataniambia nilishakufa."

Majaji wote watatu waliinamisha vichwa wakaandika kwa muda mrefu.

Akaitwa Modesta. Alikuja amejitanda kitenge kipya, akamkagua shahidi kama anayechagua kuku.

"Huyu si mume wangu. Mume wangu alikuwa na shingo ndefu. Na hakuwahi kuniangalia kwa upole hivi."

Ukumbi uliangua kicheko. Pius alikuwa amekaa nyuma yake, kavaa koti la Chenge, kila mtu wa Nansio analijua. Mwanamke anayelala kwenye nyumba ya marehemu na mume mwingine angesema nini? Hata wakili wa serikali alikaa chini bila kumuuliza la zaidi.

Kisha akaletwa Bibi Teodora, ameshikwa mkono. Shahidi alitoka kizimbani bila kuruhusiwa, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Bibi alimpapasa paji la uso, akashuka kwenye masikio, akayashika yote mawili. Mtu akakohoa, akanyamazishwa.

"Marahaba," alisema bibi. "Umechelewa sana. Umekula?"

Askari wa mahakama aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa kofia. Sabina alimtazama Venant. Kijana alikuwa amemkodolea macho shahidi, midomo inamcheza, jasho linamtoka. Wakili wao akamnong'oneza Sabina kwamba furaha ya ghafla huwa hivyo.

Majaji walitoka, wakarudi. Jaji wa kati alisoma polepole: marehemu akishapatikana akiwa mzima, tena akala kiapo, mauaji yake hayawezi kusimama. Hukumu imefutwa. Mrufani yuko huru.

Vigelegele vililipuka mpaka madirisha yakatikisika. Nje, watu wa Nansio walimbeba marehemu juu juu, wengine wakitaka kumgusa. Bibi Teodora alimshika shati kwa nyuma, hataki kumwachia, akiwaambia wote waliopita kwamba mwanawe amekonda lakini michungwa itamrudisha. Yeye alicheka, akawaahidi machungwa hata wasiomjua.

Venant alitoka wa mwisho, hana viatu, anapepesa macho kwa jua. Sabina alimkimbilia, akamkumbatia kwa nguvu, akalia kilio chote alichokuwa amekibana tangu siku ile ya hukumu.

"Nilijua," alisema. "Mimi peke yangu nilijua hukumuua."

Venant alimvuta pembeni, nyuma ya gari, akachungulia kule walikombeba yule mtu.

"Dada, yule umemtoa wapi?" alinong'ona. "Chenge nilimfunga jiwe mwenyewe."