Mahali Alipozikwa Mshamu

Muuzaji alimpangia Bi Sikudhani vifaa vya kuonyesha njia juu ya kaunta, akaanza na kile kikubwa.

"Hiki kinaongea, mama. Kinakwambia pinda kulia, pinda kushoto."

"Bei yake siiwezi, baba. Na kile kidogo?"

"Kile hakina ramani. Utaona mshale tu na umbali uliobaki. Barabara hakionyeshi."

"Ninakokwenda hakuna barabara."

Muuzaji akacheka, akauliza ni wapi huko. Bi Sikudhani akamweleza bila kupandisha sauti. Mwanawe Mshamu alivuka jangwa na wenzake kwenda kutafuta kazi, kiu ikamuua njiani. Wenzake wakamzika mchangani. Hapakuwa na jiwe wala mti wa kuweka alama, basi wakachukua namba za mahali pale kwenye simu, wakamtumia mama yake. Naye akazihifadhi kichwani kama dua.

Muuzaji hakucheka tena. Alikiwasha kile kidogo.

"Zitaje, mama."

Akazitaja taratibu, naye akaziingiza. Wakatoka hadi barazani, maana ndani kifaa hakikushika setilaiti. Mshale ukatetemeka, kisha ukatulia. Muuzaji akausoma umbali.

"Ni mbali mno, mama. Nani atakupeleka?"

Bi Sikudhani alikipokea kifaa kwa mikono miwili, akajigeuza kushoto, kisha kulia, na kila alipogeuka mshale nao uligeuka, ukirudi kuelekea upande ule ule, kule nyuma ya mapaa ya mabati, ambako anga lilikuwa jeupe kwa vumbi.