Nyumba Mbili, Barabara Moja

Firmin alirudi tena kutoka mkahawani na nywele mbichi, na nje hakukuwa na tone la mvua. Kulikuwa na baridi kavu tu, ile inayogandisha maji ndooni. Alimbusu mkewe kwenye paji la uso, akinukia sabuni isiyo ya nyumbani kwao, kisha akajibwaga kwenye kochi kama mtu aliyeshinda akibeba magunia.

Lutgart aliendelea kumenya viazi.

Tangu Krismasi mumewe alikuwa amebadilika. Kila asubuhi, kabla Lutgart hajapanda baiskeli yake, Firmin alivaa koti na kuaga kuwa anakwenda kucheza karata. Tumbo lilikuwa limepungua kidogo. Fulana zake alianza kuzifua mwenyewe, mwanamume ambaye miaka yote ya ndoa hakujua sabuni ya kufulia inakaa wapi.

Baiskeli ya Lutgart ilikuwa sebuleni. Gurudumu la nyuma lilikuwa limetolewa, na yenyewe imefungwa kwenye mashine ya mazoezi, mbele ya skrini iliyoonyesha barabara; mashine ilikaza kila barabara hiyo ilipopanda mlima. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza na baiskeli kwenye barafu, juu ya mawe ya kilima kimoja nje ya mji wa Oudenaarde, akavunjika nyonga. Daktari akamkataza asiguse tena barabara wakati wa baridi. Reinhilde, rafiki yake tangu shule, mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake, alikaa kando ya kitanda cha hospitali na kumshika mkono.

"Kama wewe hutoki, na mimi sitoki," alimwambia. "Tutakanyaga ndani, wewe kwako, mimi kwangu. Tuzeeke pamoja kama kuku wa bandani."

Haikuwa ahadi ndogo. Reinhilde alikuwa mtu wa upepo na tope; siku ya baridi aliyorudi nyumbani na meno yasiyo na tope aliiona kama siku iliyopotea. Hata hivyo alinunua mashine kama ya Lutgart, na kila asubuhi vijitu viwili vya kwenye skrini, kila kimoja kikifuata miguu ya mwenyewe, viliendesha sambamba, huku wenyewe wakipiga soga kwa simu. Baada ya Krismasi Reinhilde alisema kifua kinambana, hawezi kukanyaga na kuongea. Wakawa wanaendesha kimyakimya. Hata kasi ilimwisha. Milimani, alikokuwa akimwacha Lutgart mbali, sasa aliachwa nyuma.

Firmin yeye hakuwahi kuzipenda baiskeli. "Hata punda wa kinu jioni huwa ametoa unga," alizoea kumtania mkewe. "Wewe umetoa nini?"

Siku moja, kwa muuza nyama, Lutgart alikutana na mwenye mkahawa. Mama huyo alimsalimia, akamuuliza kama Firmin bado anaumwa, maana wenzake wa karata hawajamwona tangu mwaka uanze. Lutgart alijibu kwamba anaendelea vizuri. Alilipia nyama yake, akatoka bila kuichukua.

Asubuhi iliyofuata alisimama nyuma ya pazia. Firmin alitoka na koti lake. Hakuelekea mkahawani. Alipita nyumba mbili, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua mlango wa Reinhilde.

Lutgart alipanda baiskeli yake kama kawaida. Hakujua afanye nini kingine. Punde kijitu cha Reinhilde, chenye fulana nyekundu, kikatokea pembeni yake. Wakaanza kupanda bega kwa bega, na moyo wake ukachemka. Anathubutu kukanyaga na mimi, aliwaza, na mume wangu ameketi jikoni kwake, anamngoja amalize. Angekuwa mwanamke mwingine yeyote, angelia tu, yakaisha. Lakini huyu ndiye aliyemshika mkono hospitalini.

Katikati ya mlima aliacha kukanyaga. Alishuka, akavaa koti juu ya nguo za mazoezi, akachukua fimbo yake na kutoka.

Alikuwa ameshika lango la Reinhilde wakati mwendesha baiskeli alipokata kona na kufunga breki mbele yake. Tope lilikuwa limemjaa mpaka kwenye nyusi, na mvuke ulimtoka mabegani. Alipovua miwani, Lutgart aliona kuwa ni Reinhilde.

Walitazamana.

"Tangu lini?" Lutgart aliuliza.

"Tangu Krismasi." Reinhilde aliinamisha kichwa. "Nilishindwa, mwenzangu. Kila nikipanda ile mashine naona kuta zinanisogelea. Nikakosa uso wa kukwambia."

"Uliniapia."

"Nilikuapia."

Kwa muda Lutgart alimsahau hata mumewe. Lile tope usoni mwa rafiki yake lilimuuma kuliko tusi. Asubuhi zote hizo alizokaa akitazama ukuta wa sebule, akijiambia kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyekubali kufungwa pamoja naye, mtu huyo alikuwa nje, anakula upepo.

"Na Firmin?" alisema hatimaye. "Ufunguo wako anao wa nini?"

Reinhilde aliinua taratibu mlango wa gereji, akasogea pembeni ampishe.

Firmin hakuwasikia. Alikuwa ameketi juu ya baiskeli ya mashine, kifua wazi, mwekundu kama pilipili, tumbo limelalia usukani, anahema. Mbele yake, kwenye skrini, kijitu cha Lutgart kilikuwa kimesimama katikati ya mlima, na kile chenye fulana nyekundu kimesimama ubavuni mwake.

"Umechoka, mama?" alikuwa akikiuliza kijitu cha mkewe kwa sauti ya chini. "Pumzika kidogo. Siendi popote."