Kestna Mbili

Nguruwe pori alianguka kwa risasi moja, na Melkior akaingiwa na hofu.

Alisimama katikati ya mahindi yake, umande ukimlowesha magoti, akamtazama yule mnyama kana kwamba amekuja kufa pale kwa makusudi. Kwa miaka tisa Melkior hakuwa ameangusha kitu. Alikosa nguruwe, alikosa nyani, na mwaka wa ukame alimkosa nyati aliyekuwa amelala. Kasokola nzima walimwita Kengele, maana raifo yake ilifaa kuamshia watu tu.

Raifo yenyewe ilikuwa ya aina ya Kestna, ya kukoki kwa mkono, iliyotoka duka moja la Tabora. Huku Mpanda zilikuwepo mbili tu. Ya pili ilikuwa ya Nyanda, mfugaji wa ng'ambo ya mto, mwendo wa kutwa kwa miguu. Wenye Kestna hao walikutana sokoni Kashaulili, wakaketi na chai yao, kila mmoja akiisifu yake kama anayetafutia binti yake mchumba.

"Yangu nikiilenga tu, mnyama kashaanguka," Nyanda alizoea kusema. "Mlio unafuata nyuma."

"Ya kwangu juzi risasi moja imepita nyati wawili," Melkior alijibu, akipuliza chai ili asitazamwe machoni.

Sasa, wiki iliyopita, wenye silaha wote waliitwa mjini kwa ukaguzi. Bunduki zililala kituoni siku mbili. Siku ya kuzichukua, Melkior alisimama foleni nyuma ya Nyanda, na zile Kestna zikatolewa pamoja, zimefanana kama pacha. Nyanda akabeba moja, yeye akabeba iliyobaki.

"Wamenipa ya Nyanda," alimwambia mkewe, Getrude, nguruwe akiwa bado begani.

"Si ina namba? Tazama namba, Baba Natalia."

Badala ya kutazama, Melkior alichana kipande cha kanga kuukuu, akakizungushia pale penye namba, akafunga mafundo mawili.

"Asiyejua hana dhambi," alisema.

"Na anayefunga kitambaa ili asijue?"

Alikwenda kuchuna nguruwe.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa mitamu. Kila alicholenga kilianguka. Mwenyekiti wa kijiji alimpa ulinzi wa mashamba yote. Jina la Kengele likafa lenyewe. Lakini kanisani alianza kukaa nyuma, jirani na mlango, na kila ilipofika komunyo alishikwa na kikohozi, akatoka nje. Sokoni hakukanyaga tena. Wachuuzi waliopita kijijini walimwambia kuwa hata Nyanda haonekani siku hizi.

"Ataonekanaje," Melkior aliwaza, "na bunduki niliyomwachia?"

Halafu ikaja habari kwamba simba anaua ng'ombe ng'ambo ya mto, na Nyanda kaapa kumngojea kwenye zizi.

Melkior aliuacha ugali wake. Aliwaona wazi kabisa: simba mbele, Nyanda kasimama na watoto nyuma yake, na mkononi ile Kestna iliyomkosa nyati aliyelala.

"Nimemuua mwenzangu," alisema, akanyanyuka.

Alitembea kutwa nzima, akavuka mto maji yakimfika kiunoni, raifo kaibeba kichwani. Alipofika kwa Nyanda jua lilikuwa bado halijazama. Mwenyeji alikuwa hai, ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba. Alipomwona mgeni wake, alishtuka kama aliyefumaniwa.

"Bwana Nyanda, nisamehe," Melkior alisema kabla hata ya salamu. "Kituoni tulibadilishana bunduki. Nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Mimi sijawahi kuua nyati wawili. Sijaua hata mmoja. Hii yako ndiyo inayoua. Ichukue kabla simba hajaja."

Nyanda alinyanyua mkono taratibu, akaonyesha uani. Ngozi ya simba ilikuwa imewambwa chini, inakauka.

"Risasi moja," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi, ambaye tangu niinunue bunduki yangu sijaua hata kicheche. Wanangu walikuwa wanakimbilia mbele ya mtutu, ndiko kwenye usalama. Bwana Melkior, niliposema mnyama anaanguka kabla ya mlio, nilikuwa nakuogopa wewe na nyati zako. Yako ndiyo inayoua. Nilikuwa najipanga kuja kwako, aibu ikanizuia."

Akaingia ndani, akatoka na Kestna. Penye namba ilikuwa imeviringishwa ngozi ya mbuzi.

Wakabadilishana palepale, kila mmoja akashika kwa mikono miwili, wakashikana mikono, na Melkior akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu ule ukaguzi.

Mke wa Nyanda, Minza, aliyekuwa amemaliza kisomo cha watu wazima na hakuacha karatasi impite bila kuisoma, alileta leseni ya mumewe. Alifungua kanga, akafungua ngozi ya mbuzi, akafuata namba kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akarudia tena.

"Shemeji," alimwambia Melkior, "hiyo uliyopewa sasa hivi ndiyo ya mume wangu. Nyie kituoni hamkubadilishiwa kitu. Ndiyo kwanza mmebadilishana hapa."

Wanaume wakatazamana. Wakarudishiana bunduki.

Wakati huohuo ngiri mnene akatokea kwenye viazi vya Minza, hatua thelathini kutoka pale, akaanza kujikuna kwenye kigogo. Melkior alilenga. Nyanda alilenga. Milio miwili ikapasuka kwa pamoja.

Ngiri aligeuza kichwa kuangalia kelele zinatoka wapi, kisha akaendelea kujikuna.