Jina Alilolitaka Korongo

Nyegere mmoja aliandika kitabu juu ya mganga mmoja, kakakuona aliyeishi shimoni na kusemezana na wafu. Kitabu hicho hakikutaja jina la mganga. Korongo, mkuu wa baraza la wanyama wasomi, hakukubali kitu kisicho na jina.

"Mganga huyu umemtunga," alisema. "Taja jina lake, au utoke barazani."

"Nilimwuliza, Mzee Korongo. Jibu alilonipa siwezi kulirudia hapa."

"Hodari wa asali, hodari wa visingizio!" Baraza likacheka. Nyegere akatolewa nje, na Korongo akaenda mwenyewe shimoni kutafuta ushahidi wa kukichoma kitabu kile.

Ilikuwa adhuhuri. Aliingiza shingo yake ndefu gizani, akauliza, "Wewe uliyemo humu, unaitwa nani?"

Kisha sauti ya upole ikataja jina moja tu. Lilikuwa jina la Korongo mwenyewe, lile la utotoni, ambalo mama yake peke yake alimwita. Na sauti ilikuwa ya mama yake, aliyekufa Korongo angali kifaranga.

Aliporudi barazani alisema, "Kitabu ni cha kweli."

"Mganga anaitwa nani?" wakamwuliza.

"Jibu nililopewa siwezi kulirudia hapa," alisema Korongo.

"Basi na wewe umetunga. Toka!"

Huko nje, Nyegere alisogea kumpa nafasi kivulini. Akamwuliza polepole, "Wewe ulijibiwa na nani?"

"Mama," alisema Korongo, na hawakuulizana tena.