Gia ya Pili Kushuka Mombo

Mteremko ulipoanza baada ya Soni, Abubakari alizima injini kama kawaida yake. Bodaboda wengi wa huku wanajua kuwa mlima unakusukuma bure hadi Mombo, na leo alitaka mama aliyempakia aone anavyojua kubana mafuta. Alikuwa amepeleka posa kwa binti wa mama huyo, na jibu lilikuwa bado halijatoka.

Pikipiki ikateremka kimya kimya. Kwenye kona ya kwanza helmeti ya mama ikagonga ya kwake, ko. Kona ya pili, ko.

Kwa kuwa injini haikunguruma, ndipo akamsikia mama anatoa shahada, taratibu, kama mtu anayeaga.

Abubakari akasimama pembeni.

"Kuna tatizo, mama?"

"Hapana, mwanangu. Nilikuwa najiandaa tu."

Akawasha injini, akaingiza gia ya pili. Wakashuka polepole mno, hata lori la kabichi likawapita likiwapigia honi. Kona zikaja na kupita, na helmeti hazikugongana tena. Vidole vilivyokuwa vimelikamata koti lake vikalegea, kimoja kimoja.

Mombo ilipoanza kuonekana, mama akamgusa bega.

"Abubakari."

"Naam, mama."

"Hivi hivi ndivyo utakavyompakia binti yangu. Na helmeti yake ununue nyekundu, ndiyo rangi anayoipenda."

Abubakari akakanyaga breki, akasahau klachi, na injini ikazimika yenyewe.